Okidi zangu na baridi ya roshani

Okidi ya kwanza niliyonunua huku ughaibuni ilikufa kwa kutunzwa mno. Niliitoa kwenye chungu chake, nikaipandikiza kwenye udongo mweusi wenye rutuba na kuimwagilia kila asubuhi. Baada ya majuma machache majani yalilegea. Nilipoivuta, mizizi ilibaki udongoni, imeoza.

Ilikuwa Phalaenopsis, aina inayouzwa zaidi madukani, na asili yake ni misitu ya joto ya Asia. Kule huota juu ya miti. Hainyonyi mti, inaushikilia tu. Mizizi yake imevikwa ngozi laini kama sifongo: mvua ikinyesha inafyonza maji papo hapo, kisha upepo unaikausha. Ukiifukia kwenye udongo unaiziba pumzi.

Ya pili niliipanda kwenye vipande vya magome ya msonobari, ndani ya chungu cha plastiki angavu chenye matundu mengi. Chungu cha namna hiyo kinakuonyesha mizizi, nayo ndiyo itakayokuambia lini umwagilie. Ikiwa ya kijani, imeshiba, iache. Ikigeuka rangi ya fedha, ina kiu. Mwagilia hadi maji yatiririke chini, yachuje yote, na yasituame katikati ya majani, maana kuoza huanzia hapo.

Ikanawiri, lakini miaka miwili haikutoa ua hata moja. Nilikuwa nimeiweka sebuleni, mahali penye joto lile lile usiku na mchana, nikiamini mmea wa nchi za joto lazima ukingwe baridi kama ninavyojikinga mimi. Kumbe ubaridi kidogo wa usiku ndio unaouamsha uchanue. Majani ya miti yalipoanza kupukutika niliitoa roshanini, usiku nyuzijoto zikicheza kati ya 15 na 18. Baada ya majuma kadhaa kitu cha kijani kilichomoza chini ya jani. Nilidhani ni mzizi. Ila ncha ya mzizi ni mviringo, na hii ilikuwa bapa, imejikunja upande kama kidole gumba cha glavu. Kilikuwa kikonyo cha maua! Nilimpigia mama simu usiku ule ule.

Tangu hapo nimeacha kuulaumu msimu ule wa majani kupukutika. Kipimajoto nimekitundika ukutani, na usiku ukikaribia nyuzi 13 vyungu vyote vinaingia ndani. Kiangazi nalichunga jua la mchana, kwa sababu linababua majani, na baka likishatokea halifutiki. Pazia jepesi jeupe linatosha.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni Ansellia africana, okidi ya kwetu Afrika, yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Ina mashina marefu kama fimbo na inapenda mwanga mwingi kuliko Phalaenopsis. Kinachonishangaza ni mizizi yake. Mingine huota kuelekea juu, myeupe, imechongoka kama sindano, ikasongamana na kuwa kama kikapu. Porini majani makavu huangukia humo, yakaoza, yakawa chakula chake.

Ndugu mmoja alitaka kuniletea nyingine kutoka msituni, ndani ya sanduku la nguo. Nilimkatalia. Okidi zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini; zile za msituni hazivuki mipaka bila kibali. Hata bila sheria, ua linalong'olewa msituni kila anayelipenda akitaka lake, litabaki nini kule? Yangu nilinunua kwa mkulima anayezizalisha mwenyewe.

Mwaka huu imeotesha fimbo mbili mpya, moja imenifika kiwikoni. Sasa imepumzika karibu na dirisha, maji naipa kidogo sana. Bado haijachanua. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, naangalia ncha zake.