Shen Kuo, ofisa aliyeandika alichokiona

Miongoni mwa wasomi wa enzi ya Song nchini China, ninayemheshimu zaidi ni Shen Kuo (1031–1095), ofisa wa dola aliyeondolewa madarakani baada ya kushindwa vitani mwaka 1082, na ambaye baadaye alihamia Zhenjiang. Katika kitabu chake, Mengxi Bitan, aeleza kwamba sindano iliyosuguliwa kwa sumaku haielekei kusini barabara, bali huegemea mashariki kidogo. Na alipoona makombe ya baharini ndani ya miamba ya milima ya Taihang, mbali na pwani, alihitimisha kwamba zamani palikuwa ufuo. Kinachonigusa hasa ni habari za Bi Sheng, mtu asiye na cheo, aliyechonga herufi za udongo na kuzichoma ili zichapie vitabu: Shen Kuo peke yake ndiye aliyemwandika.