Joho Lisilonienea

Baba yangu ameshona kanzu Tanga kwa zaidi ya miaka 40, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akimrudisha mteja. Mimi alinirudisha. Nilimpigia simu kutoka Southampton, Uingereza, nikaamkia, nikauliza hali ya mama na hali ya mvua, kisha nikamwomba anielekeze namna ya kukata joho vibaya.

"Vibaya vipi?"

"Likae ovyo mabegani, Baba. Watu wakiliona wacheke."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, kuharibu kitambaa hakufundishwi. Unaanza tu."

Nilikuwa nimejiandikisha kwenye mchezo ambao wachezaji wenyewe huuita larpu. Hauna jukwaa, hauna watazamaji wala maneno ya kukariri. Mnakwenda porini, kwetu sisi ilikuwa kambi ya maskauti iliyokodiwa, mnavaa mavazi ya hadithi, na kwa siku tatu kila mtu anakuwa yule aliyechagua kuwa: anakula, anagombana, anapigana kwa panga za sponji. Hadithi ilikuwa ya Mfalme Arthur wa ngano za Kiingereza na mashujaa wake wa Meza ya Duara, na waandaaji walitaka mavazi yafanane na ya karne ya 13. Kwenye kikao cha kwanza niliropoka kwamba nimekulia kwenye cherehani. Nilitoka pale nimekabidhiwa mavazi ya watu watano, pamoja na upanga wa mfalme.

Mwandaaji mmoja alinipendekezea niwe Moriaen, shujaa mweusi wa utenzi wa Kiholanzi wa karne za kati, anayezunguka nchi kumtafuta baba yake Aglovale. Ni mhusika mzuri na iko siku nitamcheza. Lakini moyo wangu ulishatekwa kwingine. Mji wa Winchester ni jirani tu na hapa kwa treni, na ndani ya ukumbi wa ngome ya zamani kuna ile inayoitwa Meza ya Arthur, ya mti wa mwaloni, upana wake kama mita tano na nusu, imeangikwa ukutani mithili ya ungo wa jitu. Arthur hakuiona. Mbao zake ni za karne ya 13, na rangi ilipakwa enzi za Mfalme Henry VIII. Pembeni yameandikwa majina ya mashujaa 24. Nilikuwa nayasoma moja moja, shingo imekakamaa, nikafika kwenye jina refu lililobanwa pamoja: La Cote Male Tayle. Kwa Kifaransa cha zamani ni yule wa joho lililokatwa vibaya.

Kisa chake kimo katika kitabu cha Thomas Malory cha hadithi za Arthur, kilichochapwa na Caxton mwaka 1485. Kijana anafika kwa Arthur amevaa joho la kitambaa cha dhahabu, linampwaya, limechanikachanika. Kay, msimamizi wa nyumba ya mfalme, mtu wa maneno makali, anambandika jina hilo hapo hapo. Kumbe joho ni la marehemu baba yake, aliyeuawa akiwa amelala nalo mwilini, na kijana ameapa kulivaa mpaka alipe kisasi. Mtoto wa fundi cherehani ningempita vipi huyo?

Kanzu za kuvaliwa chini ya majoho hazikunisumbua. Nilipoangalia michoro ya kanzu za Ulaya za zama zile nilicheka peke yangu: badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni kuipa nguo upana, kikwapa cha mraba ili mkono uinuke. Ni kanzu yetu kasoro darizi. Sababu nayo ni ile ile: kitambaa kilikuwa ghali, kwa hiyo unakikata kwa mistari iliyonyooka na hakibaki kipande cha kutupa. Shuka kuukuu za kitani nilizipata kwenye maduka ya mitumba ya hisani, na usiku mbili zilinitosha kwa kanzu tano. Kwa majoho ya wenzangu nilitafuta mablanketi ya sufu, na hapo nasisitiza: usiamini kibandiko, kwa sababu mara nyingi kimeshakatwa. Chomoa uzi, uwashe kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika vidoleni. Ukiona uzi umeyeyuka ukawa kishanga kigumu, hiyo ni plastiki, rudisha. Lile la sufu litie kwenye mashine kwa nyuzijoto 60. Litasinyaa, litashikamana, litakuwa zito kama joho la kweli, na ukilikata halitoki nyuzi.

Joho langu sasa. Kitambaa kilikuwa pazia la dhahabu lenye maua, zito, la paundi 12. Nikafanya nilivyodhani: bega moja nikalisogeza, mkono mmoja nikaurefusha, kola nikaipinda. Nilipovaa nikafanana na mtu aliyevalia gizani huku anafukuzwa. Nikampelekea Baba picha. Akapiga mwenyewe, jambo ambalo hafanyi, kwa kuwa anaamini simu za nje zinamla yeye pesa hata kupitia intaneti.

"Hili halikukatwa vibaya," akasema. "Hili limekatwa na mtu asiyejua. Hivyo ni vitu viwili. Hebu nieleze, katika hiyo hadithi yenu, joho ni la nani?"

"La baba yake huyo kijana."

"Basi mshonee huyo baba. Unahangaika nini na kijana? Shona joho zuri la mtu mzima mwenye mwili wake, halafu livae wewe, uone."

Jioni ukaingia ujumbe wenye namba tu, kwa inchi, kama anavyoandika kwenye daftari lake la wateja: kifua 48, bega 20, mkono 26, shingo 18. Sikuhitaji kuuliza ni vipimo vya nani. Mimi kifua changu ni 37.

Nililifumua lote nikaanza upya, na safari hii sikudanganya popote. Kila mshono ulinyooka, kaba ilikaa, pindo lilikuwa sawa pande zote. Nilipolivaa, mabega yaliteremka hadi katikati ya mkono, kola ikasimama mbali na shingo, na kifuani paliingia upepo. Hapakuwa na kosa hata moja isipokuwa mimi niliyekuwa ndani. Nadhani ndivyo Kay alivyoliona.

Baba lakini hakujua kwamba nitapigana nalo. Mikono mirefu inafunika kiganja na upanga unakuponyoka. Pindo refu utalikanyaga uanguke kwenye matope. Kwa hiyo nilishona lastiki kwa ndani, chini kidogo ya kiwiko: ukiangalia, mkono umelegea na kujikunja, lakini kiganja kiko huru. Pindo nililipandisha likaishia chini ya goti. Upana wa mabega na kifua sikuugusa.

Ikabaki kulichana. Kazi ya wiki mbili, nimeshika kisu cha karatasi, na mkono hautaki. Nililala sakafuni kama mtu aliye usingizini, mwenzangu ninayeishi naye akapita na chaki akiweka alama pale panga zingemfikia mtu aliyelala: kifuani, begani, kwenye mkono ulioinuliwa kujikinga. Mgongoni hapana. Kitambaa cha pazia kikikatwa hufumuka bila kukoma, kwa hiyo kila tundu nililipaka gundi ya kitambaa kwa nyuma kabla ya kukata, nikaliacha likauke usiku kucha. Damu nilikosea mwanzoni. Kwenye kipande cha majaribio niliipaka nyekundu, ikaonekana kama chachandu. Damu ya siku nyingi ni ya kahawia, inakaribia weusi pembeni. Rangi ya maji ya kahawia iliyochanganywa na kahawa nzito, ikapakwa kwa sponji, ndiyo iliyofaa.

Baba alipoona picha ya mwisho alikaa kimya muda mrefu.

"Nani kalichana?"

"Ndiyo hadithi yenyewe, Baba. Yule mzee aliuawa nalo."

Akalitazama tena, joho la kifua 48. "Usimwonyeshe mama yako," akasema, akakata.

Upanga wa mfalme ulikuwa mapambano ya namna nyingine. Panga za mchezo huu zina kiini cha fimbo ya faibaglasi, juu yake tabaka za sponji ngumu inayofanana na ya kandambili, na juu kabisa utomvu wa mpira (lateksi) unaopakwa mara sita au saba. Kuunganisha unatumia gundi ya mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri mpaka ikiguswa isinate, ndipo ubane, maana ukibana huwezi kurekebisha. Upanga wangu wa kwanza ulikataliwa kwenye ukaguzi wa silaha. Mkaguzi alibonyeza ncha kwa kidole gumba akakisikia kiini, akaurudisha bila neno. Wa pili nilimaliza kiini inchi tatu kabla ya ncha, nikakiziba kichwa kwa ngozi. Ukapita.

Ala yake niliifanyia kazi kuliko upanga, na wenzangu walishangaa. Lakini katika Malory, mchawi Merlin anamwambia Arthur kwamba ala ina thamani ya panga kumi, kwa sababu anayeivaa hatoki damu hata ajeruhiwe vipi. Waandaaji waliifanya kuwa sheria ya mchezo, kwa hiyo ala ndiyo ambayo kila mtu angetaka kuiiba. Iliibwa mara mbili kabla ya chakula cha mchana cha Jumamosi.

Tatizo lilikuwa mwisho wa hadithi. Arthur anakufa, shujaa wake Bedivere anaagizwa autupe upanga ziwani, anadanganya mara mbili, mara ya tatu anautupa kweli na mkono unatoka majini kuupokea. Wiki moja kabla, tulijaribu kwenye bwawa dogo. Bedivere wetu aliurusha vizuri sana. Excalibur, ndilo jina la upanga wa mfalme, ikapiga maji, ikazama kidogo, ikaibuka, ikaelea kama ndala iliyosombwa na maji ya kupwa. Bata akaja kuukagua.

Ikabidi nishone, niseme nitengeneze, pacha wake: upanga wa kutupwa tu, wenye nati za chuma ndani zikifanya kazi ya chubwi, na mshipi wa kuvulia samaki umefungwa kwenye mpini ili tuuvute baadaye. Niliuzungushia utepe mwekundu pale unapoingia kwenye ala ili asije mtu akauchomoa kupigania. Kwa uzito ule angemvunja mwenzake kidole.

Ijumaa usiku Kay alinifanyia nilichostahili. Mbele ya watu wote, mienge ikiwaka, akanizunguka akiuliza ni fundi gani kipofu aliyenikatia. Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Baadaye, kwenye foleni ya chai, akainama akapindua pindo la joho langu, akaangalia mshono wa ndani. Kumbe naye anashona. "Limeshonwa vizuri mno," akaninong'oneza. Lilikuwa lalamiko.

Jumapili jioni Excalibur ilizama kama jiwe. Baadhi ya watu walilia. Usiku, kila mtu alipokwenda kulala, nikavuta mshipi ukaja mwepesi, hauna kitu, umekatika.

Alfajiri nikaingia bwawani na kanzu yangu ya kitani, maji ya baridi yakifika kifuani, nikipapasa matope kwa miguu. Mlinzi wa kambi akapita na mbwa wake, akasimama, akaniuliza nimepoteza nini.

"Upanga," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kusikia hivyo kabla, akanionyesha upande wenye kina kirefu zaidi.