Nilivyookoa mitufaha yangu bila kuwaua biva

Asubuhi moja ya Oktoba nilikuta mtufaha wangu umelala chini, kisiki kimechongwa kama penseli na vibanzi vimetapakaa kwenye nyasi. Tunaishi Maine, Marekani, kando ya kijito, na mitufaha hiyo mitano niliipanda kwa mikono yangu. Jirani alisema ni kazi ya biva, wale wanyama wagugunaji wa majini wanaoangusha miti kwa meno na kuziba vijito kwa mabwawa, akanishauri niwatege. Roho yangu ilikataa. Nikasema, kwanza nijue wanakula nini.

Nikawa nakaa ukingoni kila jioni. Kumbe biva hali mbao! Anachotaka ni ile ngozi laini iliyo chini ya gome. Nilimwona mmoja ameshika kijiti kwa mikono miwili, anakizungusha na kukiguguna vile tunavyokula hindi la kuchoma, meno ya mbele rangi ya chungwa kwa sababu ya madini ya chuma. Kilipobaki cheupe akakiachia. Vijiti vyeupe kama hicho vilijaa kwenye ukuta wa bwawa lao, vimeshindiliwa kwa matope.

Kiangazi wanakula zaidi myungiyungi, matete na majani mabichi. Majira ya baridi yakikaribia ndipo wanapoigeukia miti kwa nguvu, maana hawalali msimu mzima kama wanyama wengine. Wanazamisha matawi karibu na nyumba yao, na bwawa likiganda juu, wanaogelea chini ya barafu kwenda kula akiba. Ndiyo maana mti wangu uliangushwa Oktoba. Wanapenda sana aspeni, mti wa majani mapana wa nchi za baridi, na mierebi, ile miti ya kando ya maji tunayoisoma katika Isaya. Misonobari hawaijali sana.

Basi minne iliyobaki niliizungushia wavu wa waya mzito, nikaacha nafasi ya kiganja ili shina linenepe, nikaupigilia chini kwa vigingi. Waya mwembamba wa banda la kuku usijaribu, wanaukunja. Urefu niliufikisha kifuani, kwani theluji ikijaa biva anasimama juu yake na kufikia mbali. Mierebi ya ukingoni sikuigusa: ikikatwa huchipua tena kwenye kisiki, na ni chakula chao.

Mitufaha yote minne ilivuka baridi salama. Aprili nilipoipogolea, matawi nikayapanga ukingoni jioni. Asubuhi hapakuwa na hata moja.