Kumbukumbu ya mradi: Pasaka ya 1981 imekubali

Imekubali! Jana usiku printa ilitoa orodha nzima ya Safari Rally kuanzia 1953, hakuna mwaka uliojirudia, na 1981 umekaa mahali pake: Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili. Nimeikata ile karatasi nikaibandika juu ya rafu ya fani belti, na haitoki pale.

Mashine yenyewe mnaijua, kwa hiyo nitataja mabadiliko tu. Printa ni ile ile ya risiti ya milimita 58, iko kwenye kaunta yangu ya spea hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kila siku saa moja asubuhi inatoa karatasi ya kumbukumbu ya siku hiyo katika historia ya mbio za magari. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayoiendesha, sasa ina saa yake yenye kibetri cha duara, DS3231, maana umeme ukikatika usiku ilikuwa inaamka na tarehe ya zamani na kumpongeza mshindi wa wiki iliyopita. Hilo limekwisha. Herufi za majina ya madereva kama Källström na Waldegård nazo zimekaa sawa baada ya kuiamuru printa itumie jedwali la herufi namba 850. Hayo ni madogo.

Kilichoninyima usingizi ni Pasaka.

Mbio nyingi zina tarehe zisizo na ubishi. Ubingwa wa dunia wa Formula One ulianza Silverstone 13 Mei 1950, Nino Farina akashinda na Alfa Romeo. Indianapolis ya kwanza ni 30 Mei 1911, Ray Harroun. Unaandika mstari mmoja kwenye faili, siku ikifika inachapwa. Hata Safari ya kwanza kabisa haina shida: 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth tarehe 2 Juni. Lakini Safari ilipohamia wikendi ya Pasaka, wanaoisimulia nao wakaacha tarehe. Wazee wanasema "Pasaka ya sitini na nane", na magazeti ya zamani ninayopewa na wateja yamechanika pembe ile ile penye tarehe. Ndiyo maana nina faili mbili. Moja ni ya tarehe kamili. Nyingine ni ya Pasaka: mwaka, halafu siku ngapi kabla au baada ya Jumapili. Programu inatafuta Pasaka ya mwaka ule, inageuza kuwa tarehe, na ikikuta tukio lile lile limo katika faili zote mbili inaliunganisha kuwa moja.

Miaka yote iliungana kimyakimya, isipokuwa 1981.

Aliyeligundua ni dereva wa lori wa Mombasa, mtu mzima, anayepita hapa na makontena na hawezi kuondoka bila kusoma karatasi ya siku. Alikuwa ameichukua ile ya 20 Aprili: Shekhar Mehta na Mike Doughty, Datsun Violet GT, ushindi wa tatu mfululizo. Akaenda Kampala, akateremsha mzigo, akarudi, akasimama kaunta kusubiri karatasi zake za forodha. Printa ikatoa ya 27 Aprili. Akaisoma, akatoa ya kwanza mfukoni, akaziweka sambamba.

"Kijana, huyu bwana ameshinda tena Safari ile ile?"

"Hapana mzee, hiyo lazima ni kosa la mashine."

"Basi irekebishe. Mehta hahitaji kuongezewa."

Wiki moja kamili imezidi. Ingekuwa siku moja ningelaumu saa, au saa za Greenwich na zetu. Wiki nzima, tena katika mwaka mmoja tu, ni kitu cha kukutoa jasho. 1979 ilitoka sawa, 1980 sawa, 1982 sawa. Nilipitia faili mstari kwa mstari nikitafuta nafasi iliyojificha au tarakimu iliyoruka. Nikabadilisha kadi ya kumbukumbu. Nikahama kabisa kutoka Pi kwenda kompyuta ya dukani, na jibu likabaki lile lile: 26 Aprili 1981 ni Jumapili ya Pasaka. Kitu kinachokosea namna ile ile kila mahali hakina ubovu wa chombo. Kasoro iko kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya mwanahisabati Gauss, ile fupi inayozunguka kila mahali, na nikaamua kuifanya kwa mkono nyuma ya daftari la mikopo. Chukua mwaka, gawanya kwa 19, shika baki. 1981 inabaki 5. Zidisha kwa 19, jumlisha 24, unapata 119. Gawanya kwa 30, inabaki 29. Baki hilo ndilo linalosema mwezi utakuwa mpevu siku ngapi baada ya 21 Machi, na siku 29 zinakufikisha 19 Aprili. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Sasa angalia balaa: 19 Aprili 1981 yenyewe ilikuwa Jumapili. Fomula inasema haiwezi kuwa siku ile ile, ngoja Jumapili ijayo, na hapo ndipo inapokutupa 26 Aprili.

Wakati Pasaka haijawahi kuangukia 26 Aprili, wala haitawahi. Kanuni ya Kanisa hairuhusu mwezi mpevu wa Pasaka uvuke 18 Aprili, kwa hiyo mwisho kabisa wa Pasaka ni tarehe 25. Gauss alilijua hilo na akaweka masharti mawili mwishoni. Baki likiwa 29, lipunguze liwe 28. Likiwa 28, na lile baki la kwanza limezidi 10, lipunguze liwe 27, ili katika mzunguko wa miaka 19 mwezi usipewe tarehe moja mara mbili. Wanaoinakili fomula huacha masharti haya kwa sababu karibu kila mwaka unaoujaribu unatoka sawa bila hayo. Karne nzima iliyopita yalihitajika mara mbili tu, 1954 na 1981. Na mwaka wa pili ukaangukia katikati ya utawala wa Mehta! Nimekasirika kweli na watu wanaokata mkia wa fomula halafu wanaisambaza kama kitu kamili.

Mistari miwili ya msimbo, basi. 1981 ikarudi 19 Aprili, Jumatatu yake ikawa 20, faili zikaungana. 1954 nayo ikahama kutoka 25 kwenda 18. Halafu nikaita hesabu ya Pasaka iliyomo ndani ya dateutil, maktaba ya tarehe ya lugha ya Python, iwe mwamuzi, nikalinganisha kuanzia 1953 mpaka 2100, hakuna mwaka uliotofautiana. Najua mtasema ningeitumia hiyo tangu mwanzo. Mimi siweki kwenye mashine yangu kitu nisichoweza kukifungua, kama nisivyouza pampu ya breki ambayo sijaiona ndani.

Kuhusu majedwali: msihifadhi historia ya magari katika Excel. Haitambui tarehe yoyote kabla ya 1 Januari 1900, na inaamini 1900 ulikuwa mwaka mrefu. Mbio za Paris kwenda Rouen zilifanyika 22 Julai 1894. Programu isiyoweza kuandika siku ambayo mchezo wenyewe ulizaliwa haina kazi hapa. LibreOffice inaiandika bila kelele, ingawa faili la maandishi matupu lenye mikato ndilo lililonifaa zaidi.

Mpango ulikuwa kwamba Pasaka ikishakaa sawa ninajenga sanduku la mvule lenye kengele. Mbao zipo, zimekauka, na zitaendelea kukauka, kwa sababu ile hesabu imeniletea kitu kingine. Nikiishajua siku ya mwezi mpevu, ninajua madereva wa Safari walikuwa na mwanga gani usiku! Pasaka huja kati ya siku moja na siku saba baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo Safari ya Pasaka haikuwahi kukimbiwa katika giza la mwezi mwandamo. Mbalamwezi ilikuwepo, ila tu masika nayo iko pale pale na mawingu yake.

Na tazameni hii. Pasaka ya 1963, ya 1968 na ya 1974 zote ziliangukia 14 Aprili. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, matope tupu, washindi Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ikarudia, saba tu tena wakafika, na walioshinda ni wale wale wawili katika Peugeot 404. Mwaka 1974 ni Joginder Singh na David Doig, Mitsubishi Lancer. Tarehe moja, lakini usiku haukufanana. Mwaka 1968 mwezi ulikuwa mpevu Jumamosi ile ya Pasaka, ukachomoza jua likizama. Mwaka 1963 ulikuwa umeshapungua, ukawa unachomoza usiku umekwenda sana, kwa hiyo wale wa kwanza waliogelea kwenye tope gizani saa nyingi kabla hawajaona kitu. Sijaona mtu akiliandika hili. Tayari printa inachora duara la mwezi juu ya kila karatasi ya Safari, limejaa au limemegwa kulingana na usiku wenyewe.

Karatasi ninayoipenda kuliko zote ni ya 12 Aprili. Mashine iliiunda yenyewe kwa kupanga mistari:

12 APRILI
1982: SHEKHAR MEHTA, SAFARI
YA TANO, YA NNE MFULULIZO
2006: SHEKHAR MEHTA AFARIKI,
LONDON

Alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, familia yake ikahamia Kenya, na Pasaka iliyofuata, Aprili 1973, akashinda Safari na Lofty Drews katika Datsun 240Z. Walilingana alama za adhabu na Harry Källström, Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu. Ndiyo Safari ya kwanza kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa rali. Amin alifukuza bingwa. Nimechapa maneno "MZALIWA WA UGANDA" katika kila karatasi yake, na dereva wa Kenya akibisha hapa kaunta namwonyesha.

Charles Muhangi, bingwa wa Afrika wa 1999, nimempa 9 Oktoba. Taji lake halina siku moja kama la Jody Scheckter wa Formula One, aliyemaliza kazi Monza, 9 Septemba 1979. Muhangi alilikusanya rali kwa rali, na sikukuu ya uhuru wa Uganda inamfaa.

Kazi inayofuata ni 2028: miaka 60 ya wale saba wa 1968 na miaka 75 ya Safari yenyewe. Programu inasema 14 Aprili 2028 itakuwa Ijumaa Kuu, malori yatakuwa yamejipanga hadi barabarani, na karatasi ya siku hiyo itakuwa ndefu. Natafuta roli nene zaidi, zile za sasa zinafifia haraka zikikaa karibu na kioo cha gari. Mwenye kujua duka Kampala linalouza za kudumu aniambie.