Zulia la shangazi: mizani, udi na uvundo usiotaka kuhama

Aprili 9

Maji yaliingia kama saa tisa usiku. Tunakaa Msasani, Dar es Salaam, upande wa Bonde la Mpunga, na jina lenyewe linakwambia nani alitangulia kufika hapa, sisi au maji. Kilichoniamsha ni ndala zikigonga mguu wa kabati. Zilikuwa zinaelea. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, tukahamishia vitu mezani kwa mwanga wa simu. Kulipokucha alama ya tope ukutani ilikuwa imefika vidole vinne. Na hayakuwa maji ya mvua matupu, yalishapitia kwenye chemba za mtaa mzima.

Majeruhi ni wawili. Kuna zulia jekundu la sebuleni, mita 2 kwa 3, ambalo shangazi alirudi nalo kutoka Muscat akatupa siku ya harusi. Na kuna kizulia chenye mgongo wa sponji, cha chumbani kwa binti. Mke wangu amesema vyote vitupwe. Mimi nimesema la shangazi litapona. Ndiyo maana nimefungua daftari, tuone nani atacheka mwisho.

Aprili 10

Mvua haijakata. Nimelikunja zulia, nimeliegemeza barazani lichuruzike.

Aprili 12

Kosa la kwanza hilo. Zulia bichi ukilikunja unakuwa umelifungia maji kama chapati kwenye hotipoti. Leo nimelikunjua, harufu ikanirudisha nyuma hatua nzima. Ingekuwa ya choo ningeielewa. Hii ni ya kitambaa cha kudekia kilichosahaulika kwenye ndoo, pamoja na stoo ya viazi. Katikati ya mgongo wa zulia kuna vidoa vya kijivu kama unga uliomwagika. Kuvu hao. Kitu kikikaa kibichi saa 24 hadi 48 tu, wameshahamia.

Nimesoma kidogo. Unachonusa ni gesi wanazotoa kuvu na bakteria wakati wanakula vumbi, jasho la nyayo na nyuzi zenyewe. Mojawapo inaitwa jiosmini, ndiyo ile inayoupa udongo harufu mvua ya kwanza inapodondoka, na pua ya binadamu huikamata hata ikiwa kidogo mno. Nje tunaivuta kwa raha zetu, ndani tunagombana nayo.

Shangazi alipopiga simu ikabidi nimweleze. Akasema, "Udi, mwanangu. Kiweke chetezo chini yake, ufukize vizuri." Nikafukiza. Kwa saa mbili nyumba ikanukia kama ya bibi harusi, baada ya hapo tukabaki na uvundo uliovaa udi. Sijamwambia.

Aprili 13

Kabla ya kulitia maji nilitaka kujua limetengenezwa kwa nini. Nilinyofoa uzi mmoja wa manyoya pembeni, nikaushika kwa kibano juu ya sinki, nikawasha kiberiti. Ukawaka kwa kusitasita, ukanuka nywele zilizoungua, na jivu lake nilipolibana kwa vidole likawa unga. Hiyo ni sufu. Uzi wa matamvua ukawaka upesi kama karatasi na kunuka karatasi, huo ni pamba. Wa kizulia cha binti ulijikunyata, ukayeyuka, ukaacha kishanga cheusi kigumu. Plastiki.

Njiti tatu za kiberiti zimenipa picha yote. Matamvua ni ncha za mtande, zile nyuzi za urefu zinazoyashika manyoya, kwa hiyo mtande wa zulia la shangazi ni pamba, na pamba ndiyo inayoyang'ang'ania maji na kuoza, hata kama manyoya ya juu ukiyagusa ni makavu. Sufu nayo haipatani na vitu vikali vya aina ya magadi, kwa hiyo magadi marufuku, na sabuni ya unga vilevile. Jiki ndiyo kabisa: jiki huiyeyusha sufu. Kinachofaa ni sabuni laini ya maji, na siki kidogo.

Kizulia cha sponji nimekitupa bila mjadala. Sponji iliyonywa maji ya chemba huwezi kuifikia kwa ndani, ukitaka usitake. Mke wangu akahesabu goli moja.

Aprili 14

Kwanza nilipaka maji ya sabuni kwenye kona, nikakandamiza kitambaa cheupe dakika tano. Kikatoka na wekundu wa mbali kama chai ya pili. Inavumilika, mradi lisilale na maji.

Nikalipeleka kwa vijana wa kuosha magari, wanaosha na mazulia. Shilingi 15,000. Kijana akaja na ndoo ya sabuni ya unga na kofia nzima ya jiki, akaniona mimi ndiye mshamba. Tukaelewana atumie sabuni yangu, na mashine ya presha aishike mbali. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya kahawa, ya tatu rangi ya mtori, ya sita yakawa yanaonyesha chini. Wakayasukuma kwa ule ubao wenye mpira, kuufuata mlalo wa manyoya, mpaka likaacha kuchuruzika. Kisha mmoja akataka kunipulizia manukato, ofa. Nikakataa kwa adabu.

Nyumbani tukatia siki, kikombe kimoja kwa vitatu vya maji, tukanyunyiza mgongoni. Dada wa kazi kwa nia njema akaja na jiki yake aongezee kwenye ndoo hiyohiyo. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Jiki na siki zikikutana hutoa gesi ya klorini, na hiyo ni ya kukimbiwa, si ya kuoshea.

Aprili 15 hadi 21

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni hii. Mkono hauaminiki: sufu inaweza kubeba mvuke hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake na bado ukaigusa ukasema imekauka. Kwa hiyo nimehamia kwenye mizani. Ninapanda mizani ya bafuni na zulia mabegani, binti anasoma namba, tunatoa kilo zangu 71. Linaanikwa asubuhi juu ya ukuta wa uani, mgongo ndio unaotazama jua. Wingu likitanda tunakimbia kulianua. Usiku linalala juu ya viti vinne vya plastiki, feni inapuliza kwa chini.

Tarehe 15 jioni: 34.5. Tarehe 16: 29. Tarehe 17 mvua siku nzima, feni peke yake: 28.6. Tarehe 18: 25.2. Tarehe 19: 23.4. Tarehe 20: 22.7. Tarehe 21: 22.7.

Namba ikigoma kushuka siku mbili, nimechukulia limefika. Nimelichapa fimbo juu ya ukuta nikiwa na barakoa, limetoa vumbi la kutosha kuotesha mchicha. Harufu ni sufu tupu, kama kondoo msafi.

Aprili 22

Limerudi sebuleni. Nimemwita mke wangu aje anuse. Amenusa, amekaa kimya. Goli moja kwa moja.

Aprili 25

Uvundo umerudi.

Mwanzoni nilidhani ni mawazo yangu, kwa sababu pua ukikaa nayo ndani inazoea na kukudanganya. Nikatoka mpaka dukani, nikanunua mkate nisiouhitaji, nikarudi nikavuta pumzi mlangoni. Upo. Mke wangu hata hakusema neno, aliliangalia zulia kisha akaniangalia mimi.

Nikalipaka bekingi soda, nikaliacha mpaka asubuhi, nikafyonza kwa mashine. Nafuu ya siku moja na nusu. Bekingi soda inapunguza kinachonusika juu kwa juu, maji yaliyojificha haiyagusi. (Na hiyo si kali kama magadi, ila sikuiacha ilowe.)

Aprili 28

Nimelipima zulia: 22.9. Kama lingekuwa limenywa tena maji, namba ingepanda kwa kilo, si gramu 200. Basi kama si lenyewe?

Usiku nilifanya jaribio la taulo. Moja safi nililaza juu ya zulia. Nyingine niliisokomeza ukutani, pale kapeti la plastiki linapoishia. Kwa wasomaji wa mbali: sebule nyingi za kupanga hapa sakafu yake ni saruji iliyofunikwa kapeti la plastiki la maua, na zulia linakaa juu yake. Asubuhi kila taulo nikaiweka kwenye ndoo yake yenye mfuniko, nikazianika juani nusu saa. Nikafunua ya kwanza: kondoo. Nikafunua ya pili: kile kitambaa cha kudekia, salamu zake zote.

Wiki tatu nimeosha shati, mgonjwa ni mwenye shati.

Aprili 29

Kapeti lilikuwa limegundishwa pembeni, nikalikwangua kwa kisu cha mezani. Lilipoinuka lilitoa sauti kama ya mguu kwenye tope. Chini yake mpangaji wa zamani, au fundi wake, alitandika magazeti kulainisha sakafu, matabaka mawili. Yameshikana na saruji, yana nyota nyeusi za kuvu. Kwenye ukurasa mmoja bado ninasoma nusu ya msimamo wa ligi. Maji yalikuwepo, ya kuonekana kwa macho, dimbwi la upana wa sinia karibu na mlango. Siku ishirini yalikaa pale yamejifunika plastiki yakitucheka.

Magazeti hayo sikuyafagia makavu. Kuvu kavu ukiifagia unaipandisha hewani, na binti ana pumu. Niliyanyunyizia maji ya sabuni kwanza, madirisha wazi, barakoa usoni, nikayabandua kwa mwiko wa kupigia rangi, yakaenda nje kwenye kiroba kilichofungwa. Sakafu nikaisugua kwa brashi ngumu.

Nikampigia baba mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Lile kapeti la sebuleni nimeling'oa."

"Marahaba. Umeling'oa? Kapeti zima lile?"

"Lilikuwa limekalia maji, mzee."

"Kijana wangu, mimi nilikukabidhi nyumba na kapeti."

"Na maji yake, mzee."

Akacheka, namshukuru Mungu. Tumekubaliana nisirudishe lingine mpaka aje aone mwenyewe.

Mei 3 hadi 17

Hapa hakuna cha kusimulia sana, ni kusubiri. Saruji inalewa taratibu na inalevuka taratibu zaidi. Nimenunua Kariakoo kipima unyevu wa hewa, kidogo cha betri. Kilianza na asilimia 84, nataka kishuke chini ya 65. Sehemu ya chini ya ukuta rangi imevimba malengelenge, na unga mweupe umejitokeza. Ni chumvi, maji yakitoka ukutani yanaiacha nyuma. Nimekwangua malengelenge ili ukuta upumue, kupaka rangi baadaye.

Jaribio la sakafu ni la bei ya solotepu. Nimekata nailoni angavu ya godoro jipya, karibu nusu mita kila upande, nikaibandika sakafuni kingo zote, saa kumi na mbili jioni mpaka kesho yake saa nne asubuhi. Mei 3: matone makubwa kwa ndani, saruji chini yake imekuwa nyeusi. Mei 9: ukungu mwepesi. Mei 14: ukungu kwenye kona moja tu, upande wa mlango. Mei 17: kavu.

Zulia muda wote huu limelala juu ya viti vyake kama mgonjwa wa kifahari. Sisi tunakaa mkekani.

Mei 24

Masika imekata, kusi imeshika. Kipima unyevu kinasoma 63 mchana madirisha yakiwa wazi. Zulia: kilo 21.9. Kumbe zile 22.7 za Aprili hazikuwa ukavu, lilikuwa limelingana tu na hewa ya masika. Gramu 800 za maji zilikuwa zimejikalia mle, nami nikitangaza ushindi.

Limerudi chini, juu ya saruji tupu. Kila Jumamosi upande mmoja unainuliwa juu ya kiti mpaka mchana. Kona ya mlangoni pamba ya mtande imebadilika rangi, kahawia kiasi cha kiganja, na nikiikunja inatoa mlio mdogo wa kukatika. Hiyo haitapona, nitamtafuta mshonaji aishikize kwa ndani.

Mei 26

Shangazi amekuja. Amevua viatu mlangoni, amekanyaga zulia kwa kisigino kwanza, kama anavyofanya siku zote, akakaa. Nikasubiri. Akavuta hewa.

"Udi ule umefanya kazi, eh?"

Mke wangu akaangalia dirishani.

"Umefanya, shangazi."

Akapapasa manyoya, akainua pindo, akatazama saruji.

"Na lile kapeti lenu la maua, mmempa nani?"