Jinsi nilivyoifanya draiva isiyo na sahihi ikubalike kwenye Windows 7 ya biti 64

Skana yangu ya zamani ilionekana ndani ya Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta) ikiwa na alama ya njano na kosa namba 52, kwa kuwa Windows za biti 64, tangu Vista, hukataa draiva (programu zinazoendesha vifaa) za kiini cha mfumo zisizo na sahihi ya kidijitali, yaani alama inayoonyesha nani aliyezitoa na kwamba hazijabadilishwa. Kubonyeza F8 na kuzima ukaguzi huo kulisaidia, lakini hadi kompyuta ilipowashwa tena. Amri ya bcdedit /set testsigning on, inayowasha hali ya majaribio ya Windows na niliyoiandika kwa haki za msimamizi, ilileta maandishi ya Test Mode pembeni mwa skrini, na kosa likabaki palepale.

Kumbe hali hiyo ya majaribio haipokei draiva isiyo na sahihi kabisa. Hupokea ile yenye sahihi ya cheti ulichojitengenezea. Nilitengeneza cheti kwa programu ya makecert, nikakiweka katika hifadhi za vyeti vinavyoaminika, Trusted Root na Trusted Publishers, za kompyuta nzima, wala si za akaunti yangu pekee, kisha nikatia sahihi faili la .sys (draiva yenyewe), na baadaye la .cat (katalogi inayothibitisha faili za draiva), kwa programu ya signtool. Ukibadilisha hata herufi moja ya faili la .inf (lenye maelekezo ya usakinishaji) baada ya hapo, katalogi hubatilika na ni lazima uitengeneze upya. Nilipoisakinisha draiva tena, skana ilifanya kazi.