Pijo 504 yangu ilikuwa haivuki 110, na injini haikuwa na kosa

Nina Pijo 504 ya zamani, ya kabureta, sio gari la maonesho wala nini, naendea nayo Bunda na kurudi Mwanza. Shida yake ilikuwa moja, ikifika 110 inagoma, unakanyaga mafuta mpaka chini mshale haupandi ng'o. Fundi wangu wa Nyakato, mzee wa Pijo tangu enzi hizo, akaniambia "Mwanangu, injini ishachoka hii, tuifungue tubadili ringi." Nikamwambia mzee subiri kwanza. Kilima cha Bugando inapanda imejaza watu, kompresheni tumepima iko freshi silinda zote, sasa injini gani inachoka kwenye spidi tu?

Nikaanza kuangalia juu. Keria la chuma la paa zima, spotilaiti nne, na lile kofia la plastiki juu ya kioo cha mbele, vyote alifunga mwenye gari wa kwanza. Na upepo una hesabu mbaya, ukizidisha spidi mara mbili wenyewe unakukaba mara nne, halafu nguvu ya injini ya kuusukuma inatakiwa mara nane. Kutoka 80 kwenda 100 tu, nguvu ya kusukuma hewa inakaribia kuwa mara mbili, ndo maana mjini gari halina neno.

Nikakata vipande vya uzi wa kufumia nikavibandika kwa selotepu kwenye paa, kioo cha nyuma na buti. Tukaenda ile barabara tambarare ya Lamadi asubuhi na mapema kabla upepo wa ziwa haujaanza, dogo yuko kwenye Noah nyuma yangu anarekodi na simu. Aisee! Mbele ya keria nyuzi zimelala zimenyooka, nyuma yake zinazunguka hovyo, nyingine zimegeuka kabisa zinaelekea mbele. Hapo ndo hewa inakatika inaacha vurugu, na hiyo vurugu ndo inakuvuta nyuma.

Tukavua keria, spotilaiti na kofia. Kabla na baada nilipima hivi, napandisha mpaka 90, natia nyutro, nahesabu sekunde mpaka 60, kwenda na kurudi ili upepo usinidanganye (ukienda 80 na upepo wa 20 usoni, gari linajiona liko 100). Bila keria liliserereka muda mrefu zaidi, sio kidogo. Sasa 120 inafika bila kulia, ingawa kwa tochi za trafiki za njia ile natembea 80, ninachofaidi ni mafuta.

Dogo akataka tufunge mkia wa nyuma kama magari ya mashindano, nikakataa, ile mingi inakandamiza gari chini na kuongeza ukinzani juu yake. Na umbo la mviringo lisikudanganye, kuna namba ya kupima umbo la gari linavyokabwa na hewa (Cd), Volkswagen Beetle ina kama 0.48, Citroën DS ya 1955 ni kama 0.36, kadiri namba inavyokuwa ndogo ndo gari linapenya vizuri. Beetle kioo kimesimama, madigadi yako nje nje, na hewa inaachia mgongoni mapema.

Ngao ya mbele inakula upepo pia, najua, ila hiyo siivui. Ng'ombe wa Magu hawajui kupisha.